Matengenezo yanapogeuka uharibifu: Somo la paa, nati na waya Rungwe

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

NI jambo la kawaida mjini Tukuyu kumwona mtu akipanda juu ya paa mara tu mvua inapokatika, mkononi akiwa na nyundo na mfukoni akiwa na misumari michache ya bati. Nia yake ni njema. Anataka kuziba tundu moja linalodondosha maji sebuleni.

Mvua inayofuata, huyo huyo huweka ndoo tatu sakafuni badala ya moja. Tundu la kwanza limezibwa, lakini mawili mengine yamezaliwa pale alipokanyaga.

Kisa cha namna hii si cha Tukuyu pekee, wala si cha mapaa pekee. Bomba lililokuwa likivuja tone moja kwa dakika hukatika na kufurika jikoni. Redio iliyokuwa ikikoroma hunyamaza kabisa baada ya kufunguliwa. Pikipiki iliyopelekwa kubadilishwa plagi hurudi ikiwa na kichwa cha injini kilichoharibika.

Wengi hulaumu mkosi, na wengine humlaumu fundi. Ukweli ni kwamba uharibifu wa aina hii una sababu zake, nazo zinaeleweka na nyingi zinaweza kuepukwa. Makala haya yanaeleza kwa nini kitu huvunjika mikononi mwa mtu anayetaka kukiponya, na kwa nini wilaya yenye hali ya hewa kama ya Rungwe ina kila sababu ya kulielewa jambo hili.

Mvua, kutu na umri wa vitu

Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini Tanzania. Mji wa Tukuyu, ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hizo huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Mei, na ukungu haukosekani hata katika miezi ya baridi ya Juni na Julai.

Unyevu huo ndio unaostawisha chai, migomba, viazi na maparachichi. Lakini unyevu huo huo ndio adui wa chuma. Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji pamoja na hewa ya oksijeni, na mahali ambapo vitu havikauki vizuri, kutu hufanya kazi yake usiku na mchana.

Jambo ambalo watu wengi hawalifikirii ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana nati iliyoshika kutu hubana kama iliyochomelewa: kutu imevimba na kujaza kila uwazi uliokuwapo kati ya nati na bolti. Wakati huo huo, chuma chenyewe kimepungua unene.

Hapo ndipo ilipo siri ya kwanza. Kifaa cha zamani hakina tena nguvu kilizokuwa nazo kilipofungwa. Kilikuwa kikidumu kwa sababu hakuna aliyekigusa. Siku kinapoguswa, kinatakiwa kuhimili nguvu mpya ambayo hakikuwa nayo jana, na hapo udhaifu uliofichika hujitokeza.

Siri ya pili ni kwamba mtengenezaji mara nyingi haoni anachokigusa. Msumari unapita ndani ya ukuta, jembe linapita chini ya ardhi, bisibisi inapita chini ya mfuniko. Siri ya tatu ni ya binadamu mwenyewe: haraka, hasira na kiburi. Tutaiona kila moja ikifanya kazi.

Paa: Adui ni unyayo

Zamani nyumba nyingi za Wanyakyusa zilijengwa kwa mianzi na udongo na kuezekwa kwa nyasi. Paa la nyasi lilisamehe makosa mengi, kwani aliyelitengeneza aliongeza nyasi tu juu ya nyasi. Bati halisamehi.

Bati la kawaida la chuma hupakwa madini ya zinki ili kulikinga. Zinki hiyo hukubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kilicho chini yake kipone. Kila mkwaruzo wa kiatu chenye mchanga, kila buruto la ngazi na kila kipande cha chuma kinachoachwa juu ya paa hupunguza umri wa ngao hiyo.

Mafundi wanaokata bati kwa msasa wa umeme wakiwa juu ya paa hufanya kosa jingine. Cheche zinazoruka ni chembe za chuma zenye moto mkali. Zinapotua juu ya bati hunata, na baada ya mvua chache kila chembe huwa doa jekundu la kutu. Bati hukatwa chini, tena kwa mkasi wa bati inapowezekana, kisha chembe zote hufagiliwa.

Unene nao una maana. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Namba inapokuwa kubwa, bati huwa jepesi zaidi. Mnunuzi asiyejua hilo hudhani amepata kilicho bora kwa bei nafuu.

Bati jembamba likikanyagwa katikati, hupinda. Linapopinda, tundu la msumari ulio karibu hutanuka na mpira wa msumari hupoteza mbano wake. Maji hupata njia mpya hapo, mbali na tundu lililompandisha mtu juu ya paa. Ndiyo maana aliyeziba tundu moja huacha mawili.

Anayelazimika kupanda juu anapaswa kukanyaga pale misumari ilipojipanga, kwa sababu chini ya mstari huo ndipo ilipo papi inayobeba bati. Njia iliyo bora zaidi ni kulaza ubao mrefu unaovuka papi mbili au tatu na kupita juu yake, ili uzito wa mwili ugawanyike.

Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni ambako maji hupita. Nao hupigwa hadi mpira wake ukae sawasawa, bila kuupasua. Pigo moja la ziada, linalopigwa kwa nia ya kuhakikisha, ndilo linalobonyeza bati na kutengeneza kijibwawa kuzunguka msumari.

Wapo pia wanaoziba matundu kwa saruji. Bati la chuma lenye urefu wa mita 3 likiongezeka joto kwa nyuzi 30 hurefuka kwa takriban milimita 1, na jioni hurudi lilivyokuwa. Saruji haiwezi kufuata mwendo huo wa kila siku. Hupasuka, na ufa wake huhifadhi maji juu ya bati hadi kutu ikatoboa upya. Kiraka kinachofaa ni kile kinachonyumbulika, kinachopakwa juu ya bati lililosuguliwa na kukauka.

Jambo la mwisho kuhusu paa ni uhai wa binadamu. Bati lililolowa huteleza, na waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo mara nyingi huingia nyumbani karibu na ukingo wa paa. Hakuna tundu lenye thamani ya kumfanya mtu apande wakati wa manyunyu.

Mbao zinazopasuka

Chini ya bati kuna mbao, nazo zina kanuni zake. Katika nyanda za juu kusini mbao nyingi za kujengea hutokana na misindano na mikaratusi. Mkaratusi ni mti mgumu, lakini ni mwepesi wa kupasuka kwa kufuata nyuzi zake, hasa msumari unapopigwa karibu na mwisho wa ubao.

Msumari wenye ncha kali hufanya kazi ya kabari: hutenganisha nyuzi za mti kushoto na kulia. Seremala mzoefu huugonga kidogo msumari kichwani mwa ncha ili uwe butu. Msumari butu hukata na kusaga nyuzi zilizo mbele yake badala ya kuzipanua, hivyo ubao haupasuki. Njia nyingine ni kutoboa kwanza tundu dogo kwa keekee.

Kosa lingine ni kutumia mbao mbichi. Mbao inapokauka husinyaa. Mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi hukaa vizuri siku ya kwanza, kisha hupinda na kuacha nafasi. Mwenye nyumba huchukua randa na kuukwangua unapobana wakati wa masika, halafu kiangazi hushangaa mlango umekuwa mdogo.

Nati, bolti na bomba

Hakuna mahali ambapo nia njema huvunja vitu vingi kama kwenye nati iliyogoma. Mtu hujaribu mara moja, ikakataa. Huongeza nguvu. Mwishowe huchomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili kuurefusha.

Hesabu yake ni rahisi. Spana yenye urefu wa sentimita 20 ikirefushwa kufikia sentimita 60, mkono ule ule huzalisha nguvu ya kuzungusha mara 3. Nati haijui hilo, na bolti iliyoliwa na kutu haiwezi kuhimili. Inakatika kichwa, na shina lake hubaki ndani ya injini au ndani ya kitasa. Kazi ya dakika tano imekuwa ya siku nzima.

Dawa ya nati iliyogoma ni subira. Husuguliwa kwa brashi ya waya, hupakwa mafuta mepesi kama mafuta ya taa, kisha huachwa kwa saa kadhaa au usiku kucha ili mafuta yapenye. Halafu hugongwagongwa taratibu ili kutu iachie. Inapoanza kusogea, huzungushwa kidogo mbele na kidogo nyuma, badala ya kulazimishwa upande mmoja.

Mabomba ya chuma nayo yana ugonjwa wake. Sehemu dhaifu kuliko zote ni pale ilipokatwa meno ya kuungia, kwa sababu hapo ukuta wa bomba umepunguzwa. Kutu huanzia hapo. Anayezungusha koki ya zamani kwa spana moja husokota bomba zima, na hukatika ndani ya ukuta mahali asipopaona. Fundi mzuri hutumia spana mbili: moja hushikilia bomba lisisogee, nyingine huzungusha koki.

Kosa la kinyume hufanyika kwenye mabomba ya plastiki. Chuma kinapokazwa ndani ya plastiki kwa nguvu zote, plastiki hupanuka na kupata ufa mwembamba usioonekana. Maji hayavuji siku hiyo. Huvuja wiki kadhaa baadaye, usiku, wakati msukumo wa maji umeongezeka.

Kabla ya yote hayo kuna swali moja ambalo huulizwa likiwa limechelewa: koki kuu ya kufunga maji iko wapi, na je, bado inafunga? Kaya nyingi hugundua kwamba koki hiyo imegandamana siku ambayo maji yamekwisha kufika kitandani.

Kwa waendesha pikipiki, tahadhari inahusu plagi. Plagi ni ya chuma, lakini kichwa cha injini ni cha aluminiamu, madini laini zaidi. Plagi ikiingizwa ikiwa imeinama na kukazwa kwa spana, meno ya chuma hukata njia mpya ndani ya aluminiamu. Kanuni ni moja: plagi huanzishwa kwa vidole hadi ifike mwisho, ndipo spana itumike kuikaza kidogo. Kisichokubali vidole kimekaa vibaya.

Moto unapokutana na baridi

Barabara inayotoka Kyela kuja Tukuyu hupanda zaidi ya mita 1,000 kutoka tambarare za Ziwa Nyasa. Ni mlima unaochosha injini, na si ajabu kuliona gari limeegeshwa pembeni likitoa mvuke huku dereva akitafuta maji.

Hapo hufanyika makosa mawili. La kwanza ni kufungua mfuniko wa rejeta ingali moto. Ndani ya rejeta maji yamefungiwa kwa shinikizo, na kwa sababu hiyo hubaki maji hata yakiwa na joto linalozidi kiwango cha kuchemka. Mfuniko unapofunguliwa shinikizo huondoka, na maji hugeuka mvuke kwa ghafla na kumrukia aliyeinama. Katika mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, chini ya kiwango cha nyuzi 100 cha Pwani, hivyo hatari hapa si ndogo.

Kosa la pili ni kumwaga maji ya baridi ndani ya injini hiyo. Chuma cha moto kinapopozwa ghafla husinyaa upande mmoja kabla ya upande mwingine. Tofauti hiyo hukivuta chuma kama watu wawili wanaogombea shuka, na matokeo yake ni kichwa cha injini kilichopinda au kupata ufa. Gari lililohitaji nusu saa ya kupumzika na lita chache za maji sasa linahitaji kufunguliwa injini.

Akina mama wanaonunua vyungu vya Wakisi kutoka Matema na Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanaijua kanuni hiyo bila kusoma fizikia. Chungu kilichotoka motoni hakitiwi maji baridi. Huachwa kipoe chenyewe. Chungu na injini vinafuata sheria moja.

Umeme: Kosa lisilotoa nafasi ya pili

Katika mambo yote yaliyotajwa, umeme ndio pekee ambao kosa lake la kwanza linaweza kuwa la mwisho. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Mtu aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu huupa umeme njia nyepesi ya kupita mwilini mwake kwenda ardhini. Msimu wa mvua Rungwe, sakafu na kuta zenye unyevu ni jambo la kawaida.

Ajali nyingi za matengenezo huanza na ukuta. Mtu anataka kuning'iniza picha au kufunga rafu, anachukua keekee na kutoboa palipo wazi. Waya zilizofichwa ukutani kwa kawaida hupita wima juu au chini ya swichi na soketi, au mlalo kati yake. Mstari huo haupaswi kutobolewa. Asiye na uhakika azime meni swichi kwanza.

Kuzima swichi ya taa peke yake hakutoshi. Aliyefunga umeme akiwa amekosea waya, swichi inaweza kukata waya usio na umeme na kuacha wenye umeme ukisubiri kwenye kishikio cha balbu. Taa imezimika, lakini hatari ipo. Waya hupimwa kwa testa, na testa yenyewe hujaribiwa kwanza mahali penye umeme ili ijulikane kama inafanya kazi.

Tabia ya kubadili fyuzi iliyoungua kwa kipande cha waya wowote ni uharibifu uliovaa vazi la matengenezo. Fyuzi huungua ili nyumba isiungue. Anayeweka waya mnene mahali pake amemwondoa mlinzi mlangoni na kumwacha mwizi.

Vifaa vyenyewe navyo huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Ndani ya televisheni na vifaa vingine vya kisasa mna kapasita, ambayo ni kama tangi dogo la umeme. Umeme wa volti 230 ukibadilishwa ndani ya kifaa huweza kufikia volti zipatazo 325 kwenye kapasita hiyo. Televisheni za zamani zenye kioo kinene huhifadhi maelfu ya volti nyuma ya kioo. Hivyo si vitu vya kufunguliwa kwa udadisi.

Ikumbukwe kwamba waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita ni wa shirika la umeme, Tanesco, na mwenye nyumba hapaswi kuugusa kwa sababu yoyote. Kwa kazi za ndani, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, Ewura, hutoa leseni kwa mafundi wa umeme wa majengo. Kumwomba fundi aonyeshe leseni yake si kumdharau.

Simu na vitu vidogo

Simu ya mkononi imekuwa shamba darasa la kuvunja vitu. Iliyoanguka majini huwashwa mara moja ili ionekane kama imepona, na hapo ndipo huungua. Maji peke yake huleta madhara polepole. Maji pamoja na umeme huleta madhara kwa sekunde. Simu iliyolowa huzimwa, betri hutolewa kama inatoka, na hukaushwa mahali penye hewa bila kuwekwa juu ya jiko.

Betri za simu za sasa zina madini ya lithiamu. Zikitobolewa au kukunjwa kwa bisibisi, zinaweza kuwaka moto. Betri iliyovimba haibanwi irudi. Huondolewa na mtu anayejua kazi hiyo.

Skrubu za simu hazilingani urefu, hata zinapofanana kwa macho. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la skrubu fupi, ncha yake hutoboa bamba la saketi lililo chini na kukata njia za umeme. Mafundi makini huchora umbo la simu kwenye karatasi na kuweka kila skrubu mahali ilipotoka. Karatasi hiyo haina gharama, nayo huokoa simu.

Ukuta haubebi mzigo peke yake

Madhara huwa makubwa zaidi pale kinachotengenezwa kinapokuwa jengo. Jengo la zamani ni kama wazee wawili waliosimama kwa kuegemeana. Ukimwondoa mmoja ili umtibu, mwingine huanguka.

Nchi ililishuhudia jambo zito la aina hii Desemba 25, 2020, Mji Mkongwe, Zanzibar. Sehemu kubwa ya jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash bin Said, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa wakati kazi za ukarabati zikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kupata pigo mwaka 2012, pale sehemu yake nyingine ilipoanguka.

Tukio hilo lilikumbusha kwamba jengo dhaifu huwa katika hatari kubwa wakati linapohudumiwa. Ndiyo maana wahandisi husimamisha nguzo za muda za kushikilia uzito kabla ya kugusa chochote.

Kwa nyumba ya kawaida, somo ni hilo hilo kwa kipimo kidogo. Anayevunja ukuta ili kuongeza mlango bila kuweka boriti juu yake, au anayechimba mtaro kando ya msingi kwenye udongo laini wa volkano wakati wa masika, anaondoa egemeo kabla ya kuweka lingine.

Vilevile, anayepiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo au wa chokaa hudhani anauimarisha. Ukuta wa aina hiyo hupumua, yaani unyevu wake hutoka kupitia uso wake. Saruji huufungia unyevu huo ndani, na ukuta huoza nyuma ya plasta nzuri.

Dunia nayo imelipa gharama

Makosa haya hayawapati mafundi wa vijijini tu. Agosti 12, 1985, ndege ya Shirika la Ndege la Japan, safari namba 123, ilianguka mlimani na kuua watu 520 kati ya 524 waliokuwamo. Uchunguzi ulibaini kwamba ukuta wa nyuma wa ndege hiyo unaozuia shinikizo la hewa ulitengenezwa vibaya baada ya mkia kugonga ardhi mwaka 1978. Bamba la kuunganishia lililopaswa kuwa moja liliwekwa likiwa vipande viwili, na mzigo ukabebwa na safu moja ya ribiti. Kiraka hicho kilidumu miaka saba.

Julai 6, 1988, katika Bahari ya Kaskazini, mtambo wa mafuta wa Piper Alpha ulilipuka na watu 167 wakafa. Pampu moja ilikuwa katika matengenezo na valvu yake ya usalama ilikuwa imeondolewa. Zamu ya usiku haikuwa na habari hiyo, ikaiwasha pampu.

Mikasa hiyo miwili inafundisha mambo mawili ambayo hata mtu wa Tukuyu anaweza kuyatumia leo. Kwanza, kiraka kinachoonekana kizuri kwa nje si lazima kiwe kizima. Pili, aliyezima meni swichi ili atengeneze waya na abandike karatasi hapo ya kuwazuia wengine, kwani mtoto anayetaka kutazama televisheni hajui kama baba yuko darini na waya mkononi.

Kosa la pili

Ukichunguza, utaona kwamba kosa la kwanza mara nyingi ni dogo. Kinachoharibu ni la pili. Skrubu imepoteza kichwa, mtu amekasirika, jua linazama, na ameshaahidi kuimaliza kazi leo. Anachukua nyundo. Kazi iliyoharibika kidogo saa 10 jioni huharibika kabisa saa 1 usiku.

Aidha, kuna aibu. Baba aliyeanza kufungua pampu mbele ya watoto huona haya kusema imemshinda. Fundi aliyevunja kifaa cha mteja huona afadhali akirudishe kimefungwa, bila kusema. Aibu hiyo ndiyo ghali, kwa maana kosa lililofichwa halirekebishwi.

Nani hulipa?

Swali hili huleta ugomvi mwingi kati ya wateja na mafundi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina masharti kuhusu mali iliyokabidhiwa kwa mtu mwingine. Aliyeipokea anatakiwa kuitunza kwa uangalifu ambao mtu wa busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Akiwa ametunza hivyo na bado ikaharibika, na hapakuwa na makubaliano mengine, hawajibiki. Akiwa amezembea, anawajibika.

Kwa lugha nyepesi, fundi aliyevunja bolti iliyoliwa na kutu baada ya kuonya na kujaribu njia sahihi hayuko sawa na fundi aliyeacha redio ya mteja nje ikanyeshewa.

Kwa hiyo mazungumzo ya kabla ya kazi yana thamani kuliko mabishano ya baadaye. Fundi aseme mapema kwamba bolti hii inaweza kukatika, na mteja akubali au akatae. Hali ya kifaa iandikwe au ipigwe picha. Vipuri vilivyotolewa arudishiwe mwenyewe. Hakuna gharama katika hayo.

Kabla hujaigusa nyundo

Kwa mwenye nyumba, maswali manne yanatosha kumwokoa. Je, nimezima umeme, maji au gesi? Je, najua kilichoko nyuma ya ninachokigusa? Je, nikikivunja, kipuri chake kinapatikana Tukuyu au mpaka Mbeya? Na je, kikibaki kilivyo hadi kesho, kuna madhara gani?

Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi. Ndoo moja chini ya tundu moja kwa usiku mmoja si aibu. Ni uamuzi wa mtu anayesubiri bati likauke, fundi apatikane na mchana uwe na mwanga wa kutosha.

Hata hivyo, hofu ya kuvunja isiwafanye watu waache kutengeneza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kauli hiyo inaeleweka vizuri Rungwe, ambako kwa vizazi vingi majembe yalitoka kwa wahunzi wa Kikinga, ng'ambo ya milima ya Livingstone. Mhunzi aliyevunja koleo alitengeneza lingine, lakini kwanza alikiri kuwa limevunjika.